Lundo la Gwamaka

"Lundo usiloligeuza litakugeuza."

Maneno hayo aliyasema mwenyekiti wa kwaya katika kikao cha Jumamosi, akayaacha papo hapo bila kuyafafanua, akafunga kikao kwa sala. Vijana waliobaki kupanga viti walimzunguka Mzee Asangalwisye, aliyekuwa akifundisha sauti ya nne katika kwaya ile tangu wazazi wao hawajaoana, wakamuuliza: lundo gani hilo, na lundo humgeuzaje mtu? Mzee alivuta kiti kimoja katika vile walivyokwisha kuvipanga, akakaa.

"Wengi hudhani msemo huu ni wa kale, wa mababu," alisema. "Si wa kale. Mtu aliyegeuzwa namfahamu kwa jina, na lundo lenyewe nimelinusa kwa pua yangu. Ulizaliwa hivi."

Pale Isanjilo, pembezoni mwa Mbeya, nyuma ya karakana za mbao, palikuwa na uwanja wa mboji. Waliuanzisha watu wawili wa tumbo moja, Tusekile na mdogo wake Gwamaka. Zamani hizo hoteli za mjini, migahawa na wachuuzi wa masoko walikuwa wakitupa mabaki yao korongoni: maganda ya ndizi, kabichi zilizochakaa, viazi vilivyooza, wali uliolala, machicha ya pombe. Tusekile alipita mlango kwa mlango akiwaomba wenye biashara watenge mabaki ya jikoni, wasiyachanganye na chupa wala mifuko, naye atayachukua. Wengine walimcheka. Kisha waliocheka wakaona jirani zao hawana tena nzi mlangoni, wakamtafuta wenyewe. Miaka michache baadaye malori yakawa yanapanga foleni Isanjilo kabla jua halijachomoza, na wakulima wa viazi wa Uporoto wakawa wanagombea mboji yao kila msimu wa kupanda.

Mboji, kwa asiyeijua, haipatikani kwa kurundika tu. Mabaki mabichi hulazwa tabaka kwa tabaka pamoja na majani makavu au maranda ya mbao, yakanyunyiziwa maji, yakaachwa. Baada ya muda lundo hupata joto lake lenyewe, joto la kuivisha yai. Hapo ndipo kazi inapoanza. Lazima ligeuzwe, cha ndani kitoke nje na cha nje kiingie ndani, lipate hewa, lipoe, kisha lianze upya. Likigeuzwa hivyo mara kadhaa huishia kuwa udongo mweusi wenye harufu ya msitu baada ya mvua. Lakini siku ya kugeuza, hasa mara ya kwanza, kinachotoka humo si cha kusimuliwa mbele ya chakula.

Gwamaka ndiye aliyekuwa mtu wa malundo. Alikuwa na mikono mikubwa na moyo mwepesi, na hapakuwa na mtu Isanjilo aliyemchukia. Tatizo lake ni kwamba hakuweza kabisa kuvumilia kuchukiwa. Akiona uso wa mtu umekunjamana hakula vizuri mpaka ukunjuke. Dada yake hakuwa hivyo. Tusekile aliweza kusimama mbele ya mtu aliyenuna, akamaliza alilokuja kulisema, akaenda zake akalala usingizi. Kwa hiyo walikuwa wamegawana kazi bila kukubaliana kwa maneno: malundo ya Gwamaka, watu wa Tusekile.

Mwaka huo, kiangazi kikianza, mama yao aliyekuwa Kyela aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Tusekile akafunga mzigo kwenda kumuuguza.

"Malundo unayajua kuliko mimi," alimwambia Gwamaka getini. "Watu nao si wagumu. Waambie jambo lilivyo. Mengine nitayakuta."

Hakupita muda kiwanda cha kukamua mafuta ya parachichi kilichofunguliwa upande wa pili wa mji kikaomba kuleta mabaki yake. Gwamaka akakubali kwa furaha, akijua dada yake alikuwa amelitamani jambo hilo. Yakaja maganda na kokwa, lori baada ya lori, yakateremshwa upande wa mashariki wa uwanja kwa kuwa kwingine kulijaa. Parachichi lina mafuta. Ukilirundika hupata joto upesi kuliko ganda la ndizi, na hutaka kugeuzwa mara nyingi zaidi. Gwamaka alilijua hilo, akawapanga vibarua wake, wakageuza. Upepo wa Agosti ukaichukua harufu ile ukaipeleka kwenye nyumba za watu.

Nyumba ya kwanza kabisa, ng'ambo ya uzio wa mabanzi, ilikuwa ya Mama Subilaga. Alikuwa mjane mwenye mgahawa barazani pake, mwanamke wa maneno machache ambaye macho yake yalitosha kumfanya mteja mlevi alipe na kuondoka. Aliwakusanya majirani, wakaja na mwenyekiti wa mtaa mpaka getini kwa Gwamaka.

"Gwamaka, mwanangu," alisema Mama Subilaga, "hapa hakuna anayekuchukia. Maganda ya jikoni kwangu yamo humo ndani, nalijua hilo. Lakini jana mteja wangu ameinuka na tonge mkononi. Nguo nazianua zinanuka kuliko kabla sijazifua. Tukienda kwa wakubwa watafunga uwanja, na sisi hatutaki kufika huko. Tuambie utafanya nini."

Jibu lilikuwapo. Angeweza kusema kwamba lundo ni lazima ligeuzwe, na kwamba harufu hudumu asubuhi moja tu, na kuwaomba wamchagulie siku isiyowaumiza. Maneno hayo yalimfika kooni. Akawatazama wale watu aliozoea kusalimiana nao kila siku, akaona hakuna hata mmoja anayetabasamu.

"Harufu hamtaisikia tena," akasema.

Wakamshukuru. Mwenyekiti wa mtaa akampa mkono.

Gwamaka akatimiza alichoahidi kwa njia pekee iliyokuwapo. Aliacha kugeuza lundo la mashariki. Akalimwagia maranda mengi juu, akalifunika kwa turubai, akalibana kwa mawe. Harufu ikakoma kama iliyokatwa kwa kisu. Siku chache baadaye Mama Subilaga alipitisha kichwa uzioni, akampa sufuria ya ndizi za kupika na nyama.

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu," alisema. "Wanaume wa kutimiza neno wamebaki wachache."

Gwamaka alizila ndizi zile amesimama, akiangalia turubai. Hazikushuka vizuri.

Kwanza alijiambia kwamba ni kwa wiki moja tu, upepo ukipungua atageuza. Upepo haukupungua. Malori ya kiwanda nayo hayakusubiri upepo. Kwa kuwa lundo la zamani halikuwa limesogezwa, mabaki mapya yalimwagwa juu yake na ubavuni mwake, yakafunikwa kwa turubai la pili, kisha la tatu, hata mtu akisimama barabarani aliweza kuona kichwa cha lundo kikichungulia juu ya paa la banda la magunia.

Usingizi ukamhama. Akikaa kula, mguu wake ulitikisika chini ya meza mpaka mke wake akauwekea mkono. Akianza kuchuja mboji iliyoiva upande wa magharibi, baada ya muda mfupi aliacha chekeche pale lilipo akaenda mashariki, akazunguka lundo, akarudi, akasahau alikuwa akifanya nini. Palikuwa na nondo ndefu aliyokuwa akiichomeka ndani ya malundo ili kupima joto. Ukiichomoa ukaishika, kiganja kinakuambia. Aliichomeka asubuhi, akaichomeka mchana, akaichomeka jioni. Mwanzo iliunguza kama kikombe cha chai. Kisha kama sufuria. Ikafika siku aliyoichomoa akaiangusha chini.

Tusekile alipiga simu kutoka Kyela.

"Mama ameanza kukaa," alisema. "Malundo yanaendeleaje?"

"Yametulia, dada."

"Lile la parachichi?"

"Ndilo lililotulia kuliko yote. Majirani wenyewe wameshukuru."

Kukawa kimya kidogo upande wa pili. "Basi vizuri," dada akasema. Gwamaka alibaki na simu sikioni muda mrefu baada ya kukatwa. Hakuwa amesema uongo hata neno moja, na hilo ndilo lililomkera.

Asubuhi iliyofuata aliamua. Aliwaita vibarua wote, akawagawia uma na mabeleshi, akawaambia wachukue mapipa ya maji wayapange, leo lundo la mashariki linageuzwa, wanaotaka kutukana na watukane. Kibarua wa kwanza alikuwa ameshika pembe ya turubai, Mama Subilaga akaingia getini amejitanda khanga mpya.

"Nimekuja kukupa habari kabla hujaisikia njiani," alisema. "Enesia wangu amepata mchumba. Wakwe wanakuja Jumamosi kujitambulisha. Nilikuwa nataka kuwapeleka kwa kaka yangu kule mjini, kwa ajili ya ile harufu, unajua. Kisha nikasema hapana. Gwamaka alitoa neno lake, nami nitawapokea nyumbani kwangu, mahali alipokufa baba yake Enesia." Akawatazama vibarua na uma zao. "Mnataka kufanya nini?"

Vibarua wakamgeukia Gwamaka.

"Tunasafisha tu, mama," akasema. "Uwanja uwe safi kwa ajili ya wageni."

Uso wa Mama Subilaga ukafunguka, jambo lisiloonekana mara nyingi. Alipoondoka, Gwamaka aliwarudisha vibarua kwenye malundo mengine. Pembe ya turubai ikarudishiwa jiwe lake.

Tangu hapo hakuwa na raha ya kukaa wala ya kusimama. Alihesabu kwamba Jumamosi si mbali. Wageni wakiondoka tu, Jumapili hiyo hiyo atageuza, hata kama ni peke yake. Alipanda juu na ndoo, akakunja turubai, akamwaga maji. Maji yalipiga maranda makavu, yakateremka ubavuni kama yanavyoteremka kwenye bati, yakatoka chini safi bila kuingia ndani. Akamwaga mengine. Ijumaa, alipofunua kidogo upande wa chini, aliona ukungu mweupe kama majivu umejaa katikati ya maganda, na akasikia harufu ambayo haikuwa ya uozo. Ilikuwa tamu kidogo, kama ya karanga zilizosahaulika jikoni. Alikijua kitu hicho: lundo lilikuwa limeanza kuungua kwa ndani. Alirudishia turubai haraka, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa, akaenda akakaa juu ya tairi kuukuu. Hakukaa sana. Aliinuka, akakaa tena, akainuka.

Jumamosi ilifika na jua kali na upepo. Ng'ambo ya uzio mabenchi yalipangwa, masufuria yakainjikwa, wanawake wakaanza kuimba. Wakwe wakaingia na shangwe zao. Gwamaka alikuwa amealikwa, na shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi, lakini hakuwa amevuka uzio. Alisimama uwanjani akitazama kileleni mwa lundo, ambako uzi mwembamba wa moshi ulikuwa ukitoka chini ya turubai, ukikatika na kurudi.

Alijaza ndoo mbili. Alisema moyoni kwamba atapanda taratibu, achimbe tundu dogo pale unapotokea moshi, amimine maji ndani, ashuke, abadili shati, aende akale na wageni. Hakumwita mtu. Vibarua walikuwa kwao, na kumwita jirani kungekuwa ni kusema.

Alifika juu. Alikunja turubai, akapiga hatua moja mbele, na lundo likafunguka chini yake.

Ndani mlikuwa mtupu. Joto lilikuwa limekula kiini chote kikabaki kama kichuguu kilichohamwa, na ganda la juu halikuweza kumbeba mtu na ndoo zake. Alizama hadi kiunoni, akasikia miguu yake inaungua, akapiga ukelele. Alipojirusha upande ili atoke, ubavu mzima wa mashariki ukamfuata. Lundo likaporomoka naye ndani yake, likampindua kichwa chini miguu juu, likavunja uzio wa mabanzi, likamtapika katika ua wa Mama Subilaga, katikati ya majiko, na turubai limemzonga kama mtoto mchanga. Nyuma yake, pale hewa ilipoingia, moto ukasimama.

Wimbo ulikatika. Kisha ikaja harufu: ya wiki zote zile, iliyotunzwa na kupikwa, ikatoka kwa pamoja.

Wa kwanza kumfikia alikuwa Mama Subilaga mwenyewe. Alimshika kwapani akamvuta, akamwagia miguu maji ya sufuria iliyokuwa bado haijapata moto. Wanaume wakaanza kukimbilia moto na majembe, wakitaka kuutawanya, na Gwamaka, akiwa chali, akapiga kelele kwa sauti yote iliyombaki.

"Msiutawanye mkavu. Lowekeni kwanza. Vuteni kidogo kidogo, kila kipande kimwagieni maji, ndipo mchukue kingine. Mkilifungua lote litawaka lote."

Wakafanya hivyo. Bwana harusi mtarajiwa alivua koti, akashika beleshi. Mshenga, mzee mwenye heshima zake, alisimama kwenye foleni ya ndoo amefunga leso puani, akapoteza kiatu kimoja ndani ya maganda ya parachichi na hakukipata tena. Hata Enesia aliyepambwa kwa ajili ya siku ile alibeba maji. Moto uliteketeza banda la magunia na mboji yote iliyokuwa tayari kwa wakulima, ukalamba ukuta wa karakana ya kwanza ya mbao. Kama wale wageni wasingekuwapo, mtaa ungebaki majivu. Jua lilikuwa limeegemea mlimani walipoweza kupumzika, wote weusi, wote wakinuka vilevile, wakwe na majirani hawatofautiani.

Gwamaka alikuwa kwenye mkeka, miguu imefunikwa khanga mbichi, akisubiri gari la kumpeleka hospitali. Mama Subilaga akaketi chini kando yake. Masizi yalikuwa yamempaka mpaka kwenye nyusi.

"Ulijua?" alimuuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoleta ndizi, mama."

"Na juzi nilipowakuta na uma?"

"Tulikuwa tunaligeuza. Ulipoingia nikashindwa kusema."

Mama Subilaga alijifuta masizi machoni. Nyuma yake mtu alikuwa bado anamwaga maji, na mvuke ulikuwa ukilia juu ya makaa.

"Ulishindwa kwa nini? Mimi nakula watu?"

"Niliogopa utaninunia."

"Ningekununia," alisema Mama Subilaga. "Ningekununia sana. Ningekutukana, ningeanua nguo zangu kwa fujo ili usikie, na wakwe ningewapeleka kwa kaka yangu. Halafu Jumatatu ningefungua mgahawa kama kawaida." Sauti yake ikaanza kupasuka. "Sasa tazama. Uliona kununa kwangu ni kukubwa kuliko nyumba yangu."

Gari lilipofika Mama Subilaga aliinuka akaingia ndani, hakutazama wakimpakia.

Tusekile alifika kesho yake kwa basi la kwanza. Alipitia hospitali, akakaa kando ya kitanda cha mdogo wake mpaka Gwamaka mwenyewe akaanza, akaeleza yote tangu getini. Dada yake hakumkatiza. Alipomaliza alimuuliza kama miguu inauma, akajibiwa inauma, akasema, "Nami niliisikia sauti yako kwenye simu. Nikanyamaza kwa sababu mama alikuwa anahitaji kugeuzwa kitandani." Kisha akaenda uwanjani, akavaa buti, akaanza kuvuta mabaki ya lundo lile pamoja na vibarua.

Mtaa ulikutana baada ya Gwamaka kutoka hospitali. Mkutano ulifanyika palepale, kwenye uzio uliovunjika, na swali lilikuwa moja: uwanja ubaki au uondoke. Wenye karakana walitaka uondoke. Wengine walisema ukiondoka, mabaki ya mji mzima yatarudi korongoni na nzi watarudi nayo. Walizozana mpaka mtu mmoja akasema kwa hasira kwamba uwanja ubaki, lakini Tusekile aahidi mbele ya wote kwamba harufu haitatoka tena.

Tusekile alikuwa amesimama, mikono kiunoni.

"Hilo sitaahidi," alisema. "Mmeshaahidiwa mara moja, na mmeona ahadi ile ilivyotimia. Itanuka. Siku tutakayogeuza itanuka, na mtakasirika, nami nitawasikiliza mkiwa mmekasirika. Lakini tutageuza. Lundo usiloligeuza litakugeuza. Anayebisha amtazame mdogo wangu."

Watu wakamtazama. Gwamaka alikuwa ameketi kwenye benchi, miguu imefungwa bendeji mpaka magotini, na zile nyuso zote alizokuwa akiziogopa zilikuwa zimemwelekea, hakuna hata moja iliyotabasamu. Alitamani ardhi immeze mara ya pili. Hata hivyo alishika magongo, akainuka.

"Nilipaswa kuwaambia pale getini," alisema. "Lundo la parachichi linataka kugeuzwa kila wiki. Harufu yake ni ya asubuhi moja. Nawaomba mtuchagulie siku."

Kila mmoja alikuwa anamtazama Mama Subilaga, maana hasara yake ndiyo ilikuwa mbele ya macho ya wote: uzio hana, majiko yamevunjika, na wakwe walikuwa bado hawajaleta jibu.

"Jumanne," akasema hatimaye. "Jumanne sina wateja wengi. Na asiniletee mtu habari hiyo ila yeye mwenyewe. Kila Jumatatu avuke aje aniambie kwa mdomo wake."

Ikawa hivyo. Wakwe walirudi baada ya muda, na mshenga akasema mbele za watu kwamba familia zilizoweza kuzima moto pamoja hazina haja ya kutambulishana zaidi. Enesia aliolewa. Uwanja ulijengwa upya, malundo yakafanywa mafupi na kusogezwa mbali na nyumba. Wakulima waliokosa mboji mwaka ule hawakurudi wote.

Na Gwamaka, akitembea kwa kuchechemea, alivuka kila Jumatatu kwenda barazani kwa Mama Subilaga. Wanaomfahamu wanasema hakuzoea. Alifika, akasalimu, akasimama akipapasa vifungo vya shati kama mtu aliyeitwa polisi, akasema, "Mama, kesho tunageuza." Mama Subilaga alikunja uso. Kila mara aliukunja, mwaka baada ya mwaka, bila hata mara moja kumrahisishia. Kisha alikwenda kuanua nguo zake, na Gwamaka akarudi kwake akala chakula chake chote amekaa.

Wateja wa mgahawa ule ndio walioubeba msemo wakautoa nje ya Isanjilo. Mke aliyeona mumewe anaficha ugonjwa alimwambia hivyo. Ndugu waliokuwa wakipishana njiani bila kusalimiana waliambiwa hivyo na shangazi yao. Ukapita barabarani, ukaingia sokoni, makanisani, na sasa umefika katika kwaya yetu.

Mzee Asangalwisye akainuka, akakirudisha kiti mstarini.

"Basi mkimsikia mtu anasema mambo yametulia," aliwaambia vijana, "mwulizeni mara ya mwisho aligeuza lini. Lundo halina chuki na mtu. Linafanya kazi yake tu huko ndani, ukilitazama na usipolitazama. Uchungu wa kuligeuza ni wa asubuhi moja, nawe ndiye unayeichagua asubuhi hiyo. Ukiiacha, lundo litachagua siku yake. Lundo usiloligeuza litakugeuza."